Kisu Kisichowahi Kufunguliwa

Sogezeni viti, wanangu. Royce, kaa upande huu wa dirishani, na wewe Maren kaa hapo hapo ulipo, ila vua koti, usikae kama mtu anayesubiri jina lake liitwe kwenye foleni. Sikilizeni, kwa sababu leo nimeamka nikaikuta sauti yangu ipo, na sina hakika kwamba kesho nitaikuta. Muuguzi ameniambia nisiseme sana. Nimemjibu kwamba umri wangu wote wa kazi niliumaliza peke yangu ndani ya gari la posta, nikizunguka vilima hivi vya Pell Hollow na kutumbukiza barua za watu kwenye masanduku ya kando ya barabara, na mtu aliyekaa kimya kiasi hicho ana maneno mengi ya akiba. Amecheka, amenipandishia mto, ameshuka chini kunywa kahawa. Kwa hiyo tuko watatu. Naomba msinikatize, hata mkiona nimesimama katikati ya neno, kwa sababu siku hizi nikisimama huwa sijamaliza. Huwa nimekwenda mahali kidogo, kisha narudi.

Mnauona ule mvuke? Jirani yetu Hub Dressler anachemsha utomvu wa miti ya mepo kibandani kwake, apate sharubati. Kutoka hapa kitandani siuoni moto wala sufuria, naona weupe tu ukitoka kati ya miti na kupanda polepole, na mara nyingine nadhani ni theluji inarudi juu ilikotoka. Jana mama yenu alisimama ndani yake. Msiangaliane, au basi, angalianeni, maana tangu Sikukuu ya Shukrani hamjafanya hivyo. Najua Lenora amekufa. Mimi ndiye niliyemzika, na ninyi mlikuwepo. Nawaambia tu nilichokiona: amevaa aproni yake ya kiwandani, mikono ameiweka nyuma, amesimama katika mvuke wa Hub kama mtu anayengoja basi, na ameniuliza lile swali lake. Nitawaambia ni swali gani nikifika hapo. Sitaki kufika hapo nikiwa nimechoka, lakini sitaki pia kuanzia hapo.

Tuanze na mambo mepesi. Nyumba hii ni ya Maren, kwa sababu Royce ana yake na Maren anaishi juu ya duka la vifaa, anapanda ngazi za nje wakati wa barafu, na kila majira ya baridi namwona akianguka kabla hajaanguka. Msitu wa mepo ni wa Royce, ila Hub aendelee kutoboa miti yake na kutega ndoo zake maisha yake yote, nanyi msimdai zaidi ya chupa za sharubati anazotuletea. Gari la mizigo ni la Royce. Jiwe la kunolea lililoko jikoni ni la Maren, na asije akalisafisha kwa sabuni. Visu vyote vilivyomo kwenye kabati la kioo ni vya Royce, kwa sababu anavijua kama wafugaji wanavyowajua ng'ombe wao, huyu kwa pembe na yule kwa mwendo. Lakini kwanza kila mmoja wa wale wazee wakusanyaji wa mezani kwa Dot, pale mkahawani, achague kimoja, na Royce asisimame nyuma yao akipumua. Kisu changu cha mfukoni, hiki chenye bapa lililolika kwa kunolewa hadi limebaki jembamba kama jani la nyasi, mpeni muuguzi. Ametumia hicho kufungulia maboksi ya dawa zangu tangu alipokuja na hajaniuliza hata mara moja kina thamani gani. Msinizike nacho. Kaburini kuna unyevu.

Haya. Royce, fungua droo ya juu. Kitoe. Kiweke hapa, juu ya blanketi, kwenye magoti yangu, pamoja na karatasi yake ya nta. Kila mara nasahau kilivyo chepesi, kwa jinsi kilivyotulemea.

Nataka mkitazame wakati nasema, hata kama mmekitazama tangu mkiwa hamjafika urefu wa meza. Mabapa mawili. Moja limepinda kama mdomo wa kipanga, la kupogolea matawi. Jingine fupi na limenyooka, la kupandikizia vikonyo. Mpini ni mfupa wa ng'ombe uliochimbwa vishimo vidogo vidogo kisha ukatiwa rangi ya chai nzito, na katikati kuna nembo ya tufaha la chuma, dogo kuliko kucha ya mtoto. Kiwanda cha Tunnicliff kilikitengeneza kwa ajili ya wakulima wa matufaha wa kule ufukoni mwa ziwa, kwa msimu mmoja tu. Kisha mto ukapanda, ukaingia ghorofa ya chini ya kiwanda, ukachukua kalibu na michoro na kila kitu, na hakuna aliyeona sababu ya kuanza upya. Vile vilivyokwisha kuuzwa vilitumika kama visu vinavyotumika: vikanolewa vikaisha, vikapotea kwenye nyasi, vikaanguka visimani. Kikabaki hiki. Kama kuna kingine duniani, hakuna mtu wa mezani kwetu aliyewahi kukiona, na mnajua wale watu wanavyotafuta.

Na aliyekiunganisha ni mama yenu. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, kuchukua bapa na springi na vipande vya mpini vilivyotoka mikononi mwa watu wengine, kuvipanga, kuvipiga pini, kusugua, kuvipiga tena, mpaka kisu kifunguke na kufungika kwa sauti anayoitaka. Alikuwa akirudi nyumbani nywele zake zikinuka mfupa uliosagwa, harufu kama ya kwato iliyoungua, na mimi niliipenda, nikadhani ndiyo harufu ya wanawake wote. Alinipa kisu hiki wiki tuliyooana. Akanyoosha kiganja akasubiri, maana mnajua kwamba kwetu kisu hakipokewi bure, kitakata kilichopo kati ya anayetoa na anayepokea. Lazima mpokeaji atoe sarafu. Nikampa senti moja. Kesho yake akaenda nayo kiwandani, akaipigilia msumari chini ya ubao wa meza yake ya kazi, mahali ambapo magoti yake yangeigusa kila akikaa.

Mimi sikukifungua.

Wakati huo Augie Bonfiglio alikuwa amekwisha kuniingiza kwenye ukusanyaji. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba kisu kilichotoka kiwandani hakijafunguliwa ni kitu kingine kabisa na kisu. Alinishika bega akaniambia, "Verlin, ndugu yangu, ukikifungua mara moja tu, springi itakwaruza mstari kwenye bapa, na kidole chako kitaacha mafuta yake. Mtu mwenye macho atajua. Mimi nitajua." Nikamwamini, na sehemu yangu moja inamwamini hadi leo. Nikakirudisha kwenye karatasi yake ya nta, nikakitia droo ya juu. Mama yenu aliponiona alicheka mpaka akashika mlango. "Nimekitengeneza kikate matufaha," akasema, "wewe umekilaza kama mtoto mchanga."

Tangu siku hiyo likawa swali lake. Anapita na nguo za kukunja, anagonga droo kwa kifundo cha kidole: "Kimeamka?" Nami najibu, "Bado kimelala." Alinuna kuhusu mambo mengi, mama yenu, lakini si hilo. Aliuliza akiwa na mimba ya Royce. Aliuliza siku Maren alipokanyaga kioo na nyumba nzima ilikuwa na damu, tumerudi kutoka hospitalini, tumechoka, yuko kwenye ngazi na Maren begani, akauliza. Aliuliza pale mwisho, mdomo umekauka, nami nikamjibu lile lile kwa sababu ndilo alilotaka, akatabasamu. Jana kwenye mvuke aliuliza tena. Nilitaka kumjibu nikaona amegeuka, anatazama ndoo za Hub, kama mtu ambaye safari hii ana muda wa kungoja.

Nipe maji, Maren. Asante. Hapana, kidogo tu.

Sasa nije kwenye ugomvi wenu. Royce, usijikunje, sikushitaki.

Matufaha yalipokuwa yakivunwa, Tunnicliff walitangaza toleo lao jipya, Bustani za Ziwani, visu vya wakulima vya mtindo wa zamani, na kinachoongoza kundi zima kingekuwa hiki hapa, kimefufuliwa. Hakukuwa na kisu hata kimoja bado. Kulikuwa na picha tu, zilizochorwa na kompyuta. Lakini mezani kwa Dot ungesema kuna vita imetangazwa. Kila Jumamosi wale wazee walikuja mapema kuliko kawaida, wakazipitisha zile picha kati ya vikombe, na kila mmoja akatoa hukumu. Hub alikuwa amesikia kwamba chuma cha kisu hicho kipya hakitashika kutu wala kugeuka buluu kikikutana na maji ya tunda. "Kisu kisichobadilika rangi hicho ni kijiko," akasema. Augie akaweka lenzi yake jichoni, akahesabu vishimo vya mfupa kwenye picha, akatangaza vimepangwa kwa mashine kwa hiyo vimekufa. Mwingine akasema anajua tayari kitakavyolia kikifungwa, kitalia kama mlango wa friji. Wewe Royce ulisema nembo ya tufaha imesogea kidogo upande wa kushoto, na ulikuwa sahihi, nami nilijivunia macho yako. Dot alikuwa akimimina kahawa. Akauliza, taratibu tu, "Hivi ninyi wazee, kuna hata mmoja wenu amewahi kukata kitu?" Kila mtu akaangalia sahani yake. Hub alikuwa anakula pai la tufaha kwa uma.

Ninyi mnalijua hili la sauti, lakini wacha niliseme, kwa sababu ndipo ugomvi wenu ulipolala. Sisi kisu tunakipeleka sikioni. Ukikivuta, springi inakataa, kisha inakubali. Bapa linatembea, linapumzika nusu ya njia, linatembea tena, halafu linatia mlio. Kuna visu vinavyosema kama mtu anayefunga Biblia. Kuna vinavyonong'ona. Sauti hiyo haimo kwenye picha, haimo kwenye vipimo vya nje. Imo ndani, kwenye springi, mahali ilipokonda na mahali iliponenepa, na namna kisigino cha bapa kinavyoikanyaga. Maren anayachora hayo kila siku kule kiwandani, toleo hili ni la mikono yake, na alikuja kwangu na neno moja: kwamba bila kuiona springi ya kisu hiki, watakachofufua ni sura tu. Alijaribu kunihurumia. Alikipeleka kwa daktari wa mifugo akakipiga eksirei, katikati ya paka mwenye mguu uliovunjika na mbwa aliyemeza soksi, akarudi na ile picha ya kijivu. Nimeitundika pale ukutani. Ni nzuri, utadhani mifupa ya samaki. Lakini haionyeshi unene. Ili kujua, lazima pini zitolewe, vipande vya mpini viachane, kisu kilale mezani kimefumuliwa. Na kisu kilichofumuliwa, hata ukikirudisha vizuri namna gani, si kile kisichoguswa tena.

Royce akasema hapana. Wanangu, wote wawili mlisema mambo ya kweli, na ndiyo maana mliumizana hivyo. Royce alisema hiki ndicho cha mwisho, kwamba Tunnicliff wanaweza kukifumua, wakakipima, wakauza kwa mwaka mmoja, wakaacha, na sisi tutabaki na nini? Kwamba mikono ya mama yake ndiyo ya mwisho iliyokigusa kwa ndani. Kisha Sikukuu ya Shukrani, bata mzinga yuko mezani, hajakatwa, wewe Royce ukamwita dada yako mchinjaji. Naye akakuita mlinzi wa makaburi. Tangu hapo mnapitishia maneno kwangu. "Baba, mwambie mwanao amesahau ngazi yangu." "Baba, mwambie binti yako ngazi iko gereji." Mimi nimepeleka barua maisha yangu yote, lakini nilistaafu.

Jibu la ugomvi huo alinipa Augie, na hakujua.

Mlikuwepo, Royce, wewe ulikuwepo. Maren hukuwepo, kwa hiyo sikiliza. Ilikuwa Januari, barafu imeganda kwenye madirisha ya Dot kwa ndani. Augie alikuja amekumbatia lile sanduku lake la bati, lile la risasi za jeshi, lenye mpira kwenye kifuniko usiopitisha hata pumzi. Humo alikuwa ameweka visu vyake visivyowahi kufunguliwa, vizuri kuliko vyote alivyokusanya, na hakuwa amelifungua sanduku lenyewe tangu mke wake alipokuwa hai. Alitaka kutuonyesha mfupa wa kweli unavyochimbwa, tuulinganishe na zile picha za Tunnicliff, tumwaibishe mwenye kompyuta. Alifanya sherehe. Akafuta meza kwa leso. Akamwomba Dot aondoe sukari.

Alipofungua, ilitoka harufu kali, kama siki na kafuri. Halafu tukaona. Kati ya vile visu kulikuwa na kimoja cha mpini wa plastiki ile ya zamani, ya njano inayong'aa kama asali, iliyopendwa sana enzi za baba zetu. Mpini huo ukizeeka hutoa mvuke. Ukiwa kwenye hewa, mvuke unakwenda zake na hakuna madhara. Ukifungiwa, unabaki humo humo na unakula chuma. Kila mkusanyaji analijua hilo, na Augie analijua kuliko mtu yeyote, alinifundisha yeye. Lakini alikipenda kile cha njano, hakutaka kukitenga na wenzake. Plastiki ilikuwa imesagika imekuwa makombo. Visu vingine vyote vilikuwa na manyoya ya kijani na ukoko mwekundu, vimeshikana na karatasi zao za nta. Augie akachukua kimoja, akaweka ukucha kwenye mfereji wa bapa, akavuta. Hakikufunguka. Akavuta tena, polepole, kama mtu anayemwamsha mtoto asitake kumshtua. Akasema, "Niliwafungia wasipate unyevu." Hakumwambia mtu, aliliambia sanduku. Akavaa kofia yake akatoka, na sanduku akaliacha mezani, na Dot hakuligusa siku nzima. Watu walikula wakilizunguka.

Nilirudi nyumbani nikakaa pale kwenye kiti, nikakitazama kisu hiki bila kukitoa kwenye karatasi. Nikawaza, sijui ndani kuna nini. Nimekilinda maisha yangu yote na sijui kama kuna springi au kuna ukoko. Sijui sauti yake. Naijua sauti ya kila kisu kilichomo kabatini, niko gizani unaweza kukifunga kimoja nikakutajia jina; na cha Lenora, nilichopewa na mkono wake, sijawahi kukisikia. Kuanzia hapo nikaanza kukisikia usingizini. Naota niko kwenye gari la posta, barabara ya ufukoni mwa ziwa, miti ya matufaha imechanua pande zote na maua yanaingia dirishani kama theluji yenye joto, na kila sanduku la barua ninalofungua linatia mlio, na ni mlio wa kisu, na kila mlio ni tofauti, nami najua kwamba mmoja wao ndio wenyewe lakini siwezi kusimama kwa sababu barua ni nyingi. Naamka mikono imejikunja hivi.

Basi huu ndio wosia wangu juu ya kisu hiki, na mengine yote niliyosema yanaweza kubadilishwa, ila hili lisibadilishwe.

Kisu ni chenu wote wawili. Royce, usishushe macho, nisikilize. Kitafumuliwa. Kitafumuliwa kiwandani, kwenye meza ya mama yenu, ile yenye senti yangu chini yake, na hakuna mkono wa mtu mwingine utakaokigusa. Maren atazigonga pini zitoke, kwa sababu ndiye anayejua zinatokaje. Royce atakishika, kwa sababu mikono yako haitetemeki, haijawahi kutetemeka, ulikuwa ukinishikia taa chini ya gari ukiwa mdogo na mwanga ulikuwa umetulia kama umepigiliwa. Akikuambia geuza, geuza. Ukimwambia ngoja, angoje. Mtazungumza, kwa sababu kazi hiyo haifanyiki kwa kutumiana salamu. Mkikuta kutu, msilaumiane, mtakuwa mmewahi kuliko Augie. Mkikuta ni safi, mtaona ndani alama za tupa ya Lenora, na mtazitazama kwa niaba yangu kabla ya kupima chochote.

Kisha mkirudishe, kwa pini mpya. Hakitakuwa kile kisichoguswa. Kitakuwa kisu. Kikate matufaha. Royce akae nacho tangu mavuno, majira ya baridi yote hadi miti ichipue, Maren majira ya joto, na matufaha yakianza kuvunwa mkabidhiane, na siku ya kukabidhiana mle pamoja, hata kama ni mkate na jibini tu mmesimama. Na kile cha kwanza kabisa cha toleo jipya kitakapotoka, Maren, kipeleke mezani kwa Dot siku ya Jumamosi pamoja na tufaha. Mwambie Hub, mwambie wote, nimesema hivi: hakuna atakayetoa neno juu yake kabla hajakata kipande na kukila. Baada ya hapo waseme watakavyo. Wakisema ni kibaya baada ya kula, na wewe uwasikilize, usinune, kwa sababu huenda ni kibaya. Augie akate wa kwanza. Mkalieni karibu.

Jina langu lisiandikwe kwenye toleo hilo. Tunnicliff wameuliza. Waambieni hapana, kwa adabu.

Mazishi yangu yasiwe na mambo mengi. Kando ya Lenora, upande wa kushoto kwake, anapoweza kunisikia. Mchungaji asizidishe. Dot apike.

Nisubirini kidogo.

… Maua tu. Hakuna kitu. Nimerudi.

Sasa senti. Nawapa wawili, kwa hiyo kila mtu atoe yake. Sitaki kikate chochote kati yenu na mimi, wala kati yenu ninyi wawili. Royce, kwenye mfuko wa suruali unazo, huwa unazo. Maren, kama huna mwombe kaka yako. Mwombe kwa mdomo wako. Hivyo. Ziwekeni hapa kiganjani, nifungieni vidole, siviwezi. Ni baridi. Ni nzuri. Nikiondoka zitoeni mkazipigilie chini ya meza ile, karibu na yangu, ili… ili atakayekaa pale magoti yake yazikute.

Mungu awaangalie, wanangu. Awape meza yenye watu wabishi na kahawa ya moto. Mikono yenu iwe na kazi, na kazi yenu ipate wa kuitumia. Msipungukiwe kuni. Royce, Mungu akulainishe. Maren, akutulize, unahangaika sana, mama. Mliyonifanyia katika kitanda hiki nimeyaona yote, hata nilipokuwa nimefumba macho. Yote.

Bado moja. Nawaomba, si kesho, sasa, wakati mvuke bado upo.

Kifungueni.

Royce, wewe. Ndiyo, wewe, ndiyo maana nimekuambia wewe. Toa ile karatasi. Weka ukucha, lile fupi, lililonyooka. Maren shika mkono wake kama unatetemeka. Nimesema hautetemeki, lakini shika. Leteni huku, karibu na sikio. Karibu zaidi. Vuteni polepole.

Kinakataa… kinakataa, mnaona, kina nguvu… sasa…

Ah.

Rudisheni. Kifungeni, nisikie na mlio wa kufunga.

Ndivyo alivyokitaka, kumbe. Sauti ndogo hivyo. Kama mtu anayeweka kikombe mezani nyumba ikiwa imelala.

Msilie kwa sauti, mnanifunikia. Mwacheni apite, yuko mlangoni na zile nguo. Amegonga droo… mnamsikia?

Kimeamka, Lenora. Kimeamka.